Nani Kavunja Kioo cha Bi Mumtaz?

PAA!

Mlisikia wenyewe wiki iliyopita, kwa hiyo msinitake nirudie mlio. Kioo kikubwa cha sebuleni kwa Bi Mumtaz, kule Unionville, mtaa wa mji wa Markham, kaskazini ya jiji la Toronto, kimepasuka Alhamisi jioni. Hakuna upepo, hakuna mtoto uani, hakuna hata paka. Na mwenye nyumba tulimwacha ameganda katikati ya sebule, ubani unafuka, mdomo wazi.

Sasa tuendelee, maana Bi Mumtaz ana kazi ya haraka.

Kitu cha kwanza alichokitazama Bi Mumtaz hakikuwa kioo. Kilikuwa chetezo. Kipo pale pale alipokiweka, juu ya kingo ya dirisha, makaa yamewiva, kimekaribiana na kioo kama ndugu. Na kioo chenyewe kimekuwa cheupe chote, kimejaa nyufa toka kona hadi kona, na vijipande vinadondoka kwenye zulia kimoja kimoja kama chumvi ya mawe.

"Nimekivunja," alisema kwa sauti. "Mimi mwenyewe."

Nani wa kumjibu? Marehemu mumewe, Ramzanali, yuko ukutani kwenye fremu, na tangu azikwe hajawahi kumkatalia neno.

Kama umetukuta njiani, sikiliza upesi. Bi Mumtaz amezaliwa Moshi, dukani kwa baba yake, na kila Alhamisi jioni mama yake alikuwa akifukiza ubani chumba hadi chumba. Desturi hiyo ameihamishia Kanada pamoja na sufuria zake. Tatizo ni king'ora cha moshi. Kiko darini, hakijui Alhamisi wala Jumatatu, kikinusa moshi kinapiga kelele mtaa mzima.

Kabla ya mwaka mpya kilipiga kelele kweli. Wazima moto wakaingia na mabuti yenye theluji hadi chumbani. Mwanawe, Shamil, akaja na uso ambao Bi Mumtaz hajausahau.

"Mama, likitokea jambo jingine moja tu ndani ya nyumba hii, nauza," alisema. "Utakwenda kukaa kule kwa wazee, wakuangalie."

Kule kwa wazee Bi Mumtaz amekwisha kwenda, kumsalimia shoga yake mmoja. Alimkuta amekaa mbele ya televisheni ambayo haielewi, na mchana kutwa hakuna mtu hata mmoja aliyempitia na kumsalimia Ya Ali Madad. Alirudi nyumbani akalia.

Ndiyo maana akabuni mbinu yake. Ubani auweke dirishani, afungue kile kidirisha cha pembeni, moshi utoke nje kimya kimya. Mbinu nzuri, na majuma yote haya imemtii. Hadi leo.

Makaa ya moto upande huu, baridi ya Februari upande ule, kioo katikati. Nani asiyejua kitakachotokea? Hata mtoto anajua glasi ya baridi haimiminiwi chai.

Bi Mumtaz alinyakua chetezo kwa kitambaa cha jikoni, akafungua mlango wa nyuma kwa kiwiko, akakizika kwenye theluji. Kikalia tssss. Akakifunika kwa mikono yake mwenyewe, hana glavu, hana koti, kandambili miguuni.

Kisha akarudi ndani, akapiga simu.

"Shamil, mwanangu, njoo. Mtu ametupa jiwe, kioo kimevunjika."

Mnaona? Mwanamke wa watu, anaswali, anafunga, hajawahi kumdhulumu mtu hata senti. Na uongo umemtoka laini kabisa.

"Umeumia?" Shamil aliuliza.

"Sijaumia."

"Usiguse kitu. Nakuja sasa hivi."

*Nakuja sasa hivi.* Bi Mumtaz alikaa na simu mkononi akiyarudia maneno hayo. Shamil anaishi Oakville, mwisho mwingine wa jiji, lakini ofisi yake iko hapo hapo Markham. Kila siku ya kazi anapita na gari karibu na njia ya kuingilia kwa mama yake, asubuhi na jioni. Hakati kona. Kuna foleni, kuna mkutano, kuna mtoto wa kuchukua shule. Na leo, kwa kioo kimoja tu, anakuja sasa hivi.

Na alikuja! Theluji ikaanza kuanguka, barabara zikawa za utelezi, akampigia mkewe Nida kwamba analala kwa Mama. Giza limeingia, akaziba dirisha kwa nailoni na gundi ya karatasi bila kulichunguza. Akala wali na dengu, akaongeza. Akamweka binti yake Aleena kwenye simu ya picha, na yule msichana, ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu Kiingereza kitupu, akajikaza akasema, "Pole, Dadima." Bibi mzaa baba yake alicheka hadi akafuta machozi.

Shamil akalala kwenye chumba chake cha zamani. Asubuhi Bi Mumtaz alisimama nje ya mlango huo na kikombe cha chai, akimsikiliza mtu mzima anavyokoroma. Nyumba ilikuwa na mtu. Kwa nini niwafiche? Alifurahi kwamba kioo kimevunjika.

Furaha hiyo ilidumu hadi alipokuja fundi.

Jina lake Tharcisse, Mkongo, mwenye kampuni yake ya vioo, gari yake, koti la ngozi na sauti inayofika mtaa wa pili. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akambusu Bi Mumtaz mkono, akasema kwamba nusu ya vioo vya Markham amevifunga yeye. Hiyo nusu nyingine, alisema, ndiyo inayovunjika.

"Jiwe," Shamil alimweleza. "Watoto wa mtaa, nadhani. Nataka niwajue."

Tharcisse alibandua nailoni. Akatazama. Akapitisha mkono. Akagonga kwa kidole, ngo, ngo.

"Patron, hii dirisha iko na vioo mbili," alisema. "Moja ya inje, moja ya ndani. Unaona? Ya inje iko nzima. Ya ndani ndiyo ilipasuka. Sasa hiyo jiwe ilipita wapi? Ilipiga hodi?"

Shamil aligeuka, akamtazama mama yake.

Bi Mumtaz alianza kukunja kitambaa ambacho kilikwisha kunjwa.

"Pengine ni ndege," alisema.

"Ndege ndani ya nyumba, Mama?"

"Itakuwa fremu tu!" Tharcisse alidakia, maana ni mtu asiyeweza kukaa kimya. "Hii baridi inabana mbao. Fremu inapindika, inakamata kioo shingo. Nimeona mara mingi. Na saa ingine wale mafundi wa kwanza waligonga kona wakati wa kufunga. Kaalama kadogo tu. Kioo inavumilia, inavumilia, siku moja inasema basi."

Alitoa kipimo chake, akaweka juu ya fremu, akaweka pembeni. Fremu imenyooka kama rula. Akapapasa kona zote nne kwa ukucha. Hakuna alama. Fundi wetu akakuna kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu aingie, akanyamaza.

"Ngoja nitazame kwa nje," Shamil alisema.

"Usiende!" Bi Mumtaz alipiga ukelele. "Kuna barafu, utateleza."

Mama, ungenyamaza tu. Shamil alikwishavaa buti.

Usiku theluji ilianguka kidogo, lakini makaa ya Bi Mumtaz yalikuwa yametoboa shimo hadi kwenye majani, na majivu yamelitia ukingo mweusi. Shamil aliinama, akachomeka mkono, akatoka na chetezo cha shaba chenye barafu ndani. Akarudi nacho sebuleni, akakiweka mezani taratibu.

"Hiki nini, Mama?"

Bi Mumtaz alikikunjua kile kitambaa, akaanza kukikunja upya.

"Nauliza, hiki nini?"

"Ilikuwa Alhamisi," Bi Mumtaz alisema.

"Ulikiweka wapi?"

Alinyoosha kidole. Shamil akaangalia kingo ya dirisha, akaona duara la moshi kwenye rangi nyeupe, akafumba macho.

"Makaa ya moto. Dirishani. Karibu na pazia." Alikuwa anasema polepole, na upole huo ndio uliomtisha mama yake. "Halafu unaniambia jiwe. Nimelala hapa usiku kucha nafikiria nitamshtaki nani. Ningekwenda kugombana na watu, Mama!"

"Nisamehe, dikra, mwanangu. Niliogopa utaniuzia nyumba."

"Na ningekukuta umeungua je?"

Alichukua simu. Bi Mumtaz alijua anampigia nani kabla hajasikia jina. Dalali Shireen, yule yule aliyeuza nyumba ya jirani yao wa zamani, ambaye kila akikutana naye jamatkhana, baada ya sala, humshika mkono kwa muda mrefu mno.

"Shireen? Shamil hapa. Ndiyo. Kuhusu ile nyumba ya Mama…"

"Attends, patron! Ngoja!"

Wote wakageuka. Tharcisse amepanda juu ya kigoda, kidevu kimegusa kioo, macho yametoka. Kioo kile cha ndani kilichopasuka hakikuanguka chote. Sehemu ya juu ilikuwa bado imeshikana, imejaa nyufa, inangoja kuguswa.

"Mtu asikohoe," alisema. "Njoo mwone. Pole pole."

Shamil aliteremsha simu kifuani. Akasogea. Bi Mumtaz naye akasogea, nyuma yake, kama mshtakiwa anayeitwa mbele.

Nyufa zote zilikuwa zinatoka mahali pamoja, juu kabisa, ambapo Bi Mumtaz hafiki hata akinyoosha mkono. Na pale zinapotokea palikuwa na vipande viwili vikubwa kuliko vingine, vimebandana ubavu kwa ubavu, umbo la kipepeo aliyetandaza mbawa. Katikati yao, kwenye mstari vinapokutana, palikuwa na nukta nyeusi. Ndogo. Punje ya ufuta ingeitwa kubwa.

"Ndiyo huyo mwizi," Tharcisse alisema. "Hii kioo wanapika katika moto mkali, halafu wanapooza mara moja ili ikuwe nguvu. Sasa saa ingine kunaingia kachembe ka nikeli humo ndani, tangu kiwandani. Wakati wa kupooza kananaswa. Halafu kanaanza kuvimba. Pole pole, miaka na miaka, mtu haoni. Siku kenyewe kanataka, paa!"

"Na makaa?" Shamil aliuliza.

"Makaa iko chini, patron. Kupasuka kumeanza huku juu. Na hii kioo inavumilia moto kuliko ile ubani ya Mama. Angeweka sufuria ya pilau hapo, bado." Akateremka kigodani. "Mama hakufanya kitu. Angekuwa Kinshasa jana, kioo ingepasuka tu."

Wasomaji wangu, nawaachia mjichoree uso wa Bi Mumtaz. Mimi nitasema tu kwamba alikaa chini, akashika magoti yake, akasema "Shukrani, Mola," mara nyingi sana, na Shamil akapiga magoti mbele yake juu ya zulia lenye vigae.

"Nisamehe, Mama. Nimekupigia kelele."

"Hukukosea, mwanangu. Nilidanganya."

"Ubani ufukize. Lakini tafuta mahali pengine, nakuomba." Akaiweka simu sikioni. "Shireen, samahani. Hapana, hakuna kitu. Nitakupigia siku nyingine."

Nyumba imepona! Mwanamke yuko huru! Kama ningekuwa mwandishi mwenye huruma, ningeweka nukta hapa, niende nikale. Lakini mmeshanizoea.

Tharcisse alishusha vipande vilivyobaki, akapigilia ubao kwa ndani mahali pa kioo, akaahidi kipya wiki ijayo. Akaonyesha kioo cha pili, pacha wa kile kilichopasuka, kilichokuwa kando yake kwenye dirisha hilo hilo.

"Hii nayo iko ya kiwanda ile ile. Pengine iko na kachembe kake, pengine haina. Inaweza kupasuka kesho, inaweza kutuzika sisi wote. Nibadilishe?"

"Kiache," Bi Mumtaz alisema.

Fundi akaondoka. Shamil akavaa koti.

"Unakwenda?"

"Kazini, Mama. Nimechelewa tayari."

"Kuna wali wa jana. Nitaupasha."

"Mama, kila kitu kiko sawa sasa, si umeona? Hakuna tatizo." Akambusu kichwani. "Hakuna tena kitu cha kunitia wasiwasi."

Alisema hivyo kumfurahisha. Mlango ukafungwa, gari likarudi nyuma, likapotea.

Bi Mumtaz alifagia vigae. Akaosha vikombe. Akaingia chumba cha Shamil akatandika kitanda, kisha akakaa juu yake, kwa sababu mto ulikuwa bado una harufu ya mtu. Redio ya jirani haikusikika. Friji ikanguruma, ikanyamaza. Nimekaa majumbani mwa watu wengi katika kazi hii ya kuwasimulia, na nawaambia, hakuna mchana mrefu kama mchana wa Ijumaa kwenye nyumba kubwa ya mjane.

Alimpigia Shamil amwambie amesahau skafu. Hakupokea. Akangoja, akapiga tena. Hakupokea. Akapiga mara nyingine, akasema moyoni kwamba akipokea atamwambia tu dua njema. Simu ikaita hadi ikachoka.

*Hakuna tena kitu cha kunitia wasiwasi.*

Basi hatakuja. Kwa nini aje? Mama hana kosa, nyumba haina kosa. Atakuja Idi. Atakuja akiitwa na hospitali.

Bi Mumtaz alisimama mbele ya kile kioo cha pili. Kilikuwa safi, kimetulia, theluji inang'aa nyuma yake. Alikikagua juu hadi chini akitafuta nukta nyeusi. Hakuiona. Akakigusa kwa kiganja.

"Na wewe unangoja nini?" alikiuliza.

Haya yanayofuata sikuyataka. Bi Mumtaz alikwenda jikoni, akavuta droo, akatoa mchi wa shaba wa kutwangia bizari. Mzito, kichwa chake cha mviringo. Akarudi nao ameuficha kwenye upande wa nguo, ingawa hakukuwa na mtu wa kumficha.

Fundi atasema ni kachembe. Shamil atasema anakuja sasa hivi. Atalala usiku mmoja, labda na kesho yake pia, maana kesho ni Jumamosi. Atakula wali. Ndiyo hivyo tu, hakutaka zaidi.

Akapiga.

Mchi ukarudi! Ukamruka mkononi, kioo hakikupata hata mchubuko. Bi Mumtaz aliduwaa, kisha akacheka, cheko baya, akajionea haya hadi masikio yakawaka. Mjukuu wangu angeniona, alijisemea. Rudisha mchi huo, mwanamke, ukaswali.

Aligeuka nusu. Akaitazama simu juu ya meza. Kimya.

Akarudi kwa hasira, akainua mchi kwa mikono miwili, akalenga kona ya chini.

Na mkono ukiwa tayari umeanza safari, akamwona.

Shamil. Yuko nje, kwenye theluji ya uani, hatua chache kutoka kwenye kioo. Simu yake alikuwa ameisahau garini wakati amepanga foleni kule Agincourt, kwenye duka la Mmombasa mmoja, kumnunulia mama yake mihogo ya kukaanga. Alikuwa amepiga ofisini akaomba siku nzima. Alikuwa amezunguka nyuma kwanza kukagua ubao wa fundi, kisha aingie, wale pamoja. Mfuko wa karatasi ulikuwa unatoa mvuke mkononi mwake, na macho yake yalikuwa kwenye mchi.

Bi Mumtaz alitaka kuuzuia mkono. Mikono ya miaka yake haizuiliki hivyo.

PAA!

Kioo kikawa cheupe chote, na uso wa mwanawe ukapotea nyuma yake.

Akasikia buti zinakanyaga theluji. Akasikia ufunguo kwenye mlango wa nyuma. Shamil aliingia bila kujikung'uta, akauweka mfuko sakafuni, akautazama mchi, akautazama ubao uliopigiliwa mahali pa kioo cha jana.

"Kile cha kwanza, Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Kile nacho?"